Taulo, Bomba na Volti 120: Maelezo Rasmi ya Mhusika

Kwa kuwa rafiki yangu niliyemwita aje kunishikia tochi ameshawasimulia nusu yenu kwamba nilicheza ngoma uchi mbele ya mashine ya kukaushia nguo, naomba kusahihisha: nilikuwa na taulo, na taulo lilianguka baadaye.

Nyumba yetu hapa Marekani ilijengwa mwaka 1962, na soketi ya mashine hiyo ilikuwa ya matundu matatu: laivu mbili (nyaya zinazoleta umeme) na nyutro (waya wa kuurudisha), bila ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Kabla ya mwaka 1996 kanuni za umeme za huku ziliruhusu bati la mashine, yaani mwili wake wa chuma, kufungwa kwenye nyutro, na soketi kongwe ya aina hiyo inavumiliwa ilimradi ibaki pale pale. Mimi nikaihamisha mita tatu. Kwa kuwa nilijua kwamba sakiti iliyorefushwa inatakiwa kuwa na nyaya nne, nilinunua soketi mpya ya matundu manne, kisha nikakumbuka kwamba kebo ya ukutani ilikuwa na nyaya tatu tu. Mtu mwenye akili angevuta kebo mpya kutoka kwenye bodi ya umeme. Mimi nikafunga waya wa kijani, ule wa ethi, kwenye bomba la chuma lililopita karibu, baada ya kulipigapiga kwa kiganja kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani na kutangaza kwamba limezama ardhini kabisa.

Maelezo ya plagi mpya yaliagiza kwamba kile kipande kinachounganisha nyutro na bati kiondolewe, nami nikakiondoa. (Andikeni hilo: kuna agizo nililolitii.) Tatizo ni kwamba nilipokuwa nikirudisha kifuniko cha nyuma, nilibana waya mmoja wa laivu mpaka ganda lake likapasuka na waya ukagusa bati.

Sasa tukio lenyewe. Nimetoka kuoga, nguo zangu zote zimo ndani ya mashine, na miguu inachuruzika maji kwenye sakafu ya saruji. Mkono wa kushoto nimeuegemeza kwenye mashine ya kufulia, ambayo ethi yake ni ya kweli. Wa kulia unasogea taratibu, kwa madaha, kuelekea mlango wa ile nyingine. Kidole cha shahada kikagusa bati, na volti 120 zilizokuwa zikisubiri njia ya kurudi kwao zikapita kifuani mwangu. Yowe lililonitoka lilianza na herufi "a". Zilizofuata hazimo katika alfabeti yetu. Mikono iliruka, kiwiko kikaangusha kopo la sabuni, taulo likajiendea, na rafiki yangu, badala ya kuzima umeme, akanimulika. Breka ya ampea 30, swichi ya kukata umeme unapozidi, haikukohoa hata kidogo. Kutoka juu mke wangu akauliza, "Baba watoto, hiyo mashine imeshawaka?"

Kesho yake fundi mwenye leseni alivuta kebo mpya ya nyaya nne, akabadilisha waya uliobanwa, akalipwa. Kabla ya kuondoka alilifuata bomba langu mpaka nyuma ya rafu, ambako chuma kilikatika na kuendelea kwa bomba la plastiki. Aliugusa waya wa kijani kwa ncha ya kidole, akauliza kwa upole ni nani aliyeifanya kazi ile. Nikamjibu kwamba ni yule aliyetuuzia nyumba.

Hapo ndipo rafiki yangu, aliyekuwa akimshikia tochi, alipoanza kusimulia.