Ugenini huna ubavu wa kukaa nje ya WhatsApp

Kwetu Tanga unaweza kuishi bila WhatsApp na usipitwe na msiba hata mmoja. Mama yangu mkubwa ana kitochi chake, na habari zote za Ngamiani zinamfikia zingali moto: msikiti utatangaza, mjumbe atapita, la sivyo atatumwa mtoto. Mimi hapa Kampala nina simu ya maana kabisa, ila sitaki tu hayo magrupu, na nimekuwa kama sipo.

Wananiambia si uamuzi wako mwenyewe? Uamuzi gani! Kukataa ni anasa ya mwenyeji. Muganda wa hapa Makindye akijitoa kwenye grupu bado ana shangazi Masaka atakayempigia, ana ukoo, na mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, anamjua tangu anatambaa. Mgeni akijitoa, basi tena.

Mama mwenye nyumba wetu alifiwa na mumewe. Taarifa ikawekwa usiku, mabugo, yaani rambirambi, yakachangwa kwa simu, alfajiri basi likaondoka kwenda kuzika kijijini. Mimi nikamuuliza kijana wa dukani, saa nne asubuhi, mbona leo uani kimya. Walivyorudi nikaenda kutoa pole na bahasha yangu, na mama wa watu akanipokea vizuri tu. Lakini ile orodha ya michango, jina na kiasi, kila anayetoa anaikopi, anajiongeza chini na kuibandika upya, ilishazunguka kwa mtaa mzima. Mimi simo. Bahasha haiingii kwenye orodha ile.

Shuleni ndiyo usiseme. Mwanangu alikwenda na sare siku ambayo darasa zima limevaa nguo za kitamaduni. “Nnyabo (mama), tuliweka kwenye grupu,” mwalimu akanijibu, na kwake hoja imeisha.

Na msidhani watu wamo humo kwa mapenzi. Julai 2018 serikali ya Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao hii. Watu wakanung'unika, wengine wakalipa, wengine wakakimbilia VPN, programu ya kuficha mtandao unaoutumia. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja asilimia 12 kwenye bando. Januari mwaka huohuo Facebook ikafungwa, siku chache kabla ya uchaguzi, na miaka ikapita bila kufunguliwa. Wauzaji wadogo bado wanaingia kwa VPN kufuata wateja. Mtu anavumilia yote hayo kwa sababu kutoka kunamgharimu zaidi: mazishi, chama cha akiba, mtoto shuleni.

Nami nisiipambe Tanga kupita kiasi. Juzi kaka yangu kanieleza habari za kiwanja cha marehemu baba, kimeshapimwa na kugawanywa. Nikamuuliza mlikaa lini? “Si tuliongea kwenye grupu la familia, dada.” Kwa hiyo mtu wa ugenini anafungiwa milango miwili, na wa pili ni wa kwao.

Ninachodai ni kidogo: anayeandika taarifa ya msiba awe na namba tatu nne za kupiga. Mtanzania mwenzangu anayeuza mchele Kisenyi alicheka. “Vocha ya kukupigia anunue nani?” Nimemtumia elfu kumi, na namba ya kijana wa dukani nimempa pia, endapo yangu haipatikani.