Maktaba Haikuungua

Tangu tumzike mwalimu wangu wa kazi ya kutembeza wageni, rambirambi zinazoingia kwenye simu yangu zina usemi mmoja: maktaba imeungua. Nawashukuru waliotuma, najua wana nia njema, ila sikubaliani nao. Maktaba huungua vitabu vikiwa ndani. Marehemu, Mungu amrehemu, hakuweka kitu ndani. Alichokijua kuhusu Fort Jesus, ngome kongwe ya Wareno hapa Mombasa, alimgawia kila aliyesimama kusikiliza: sisi vijana wake, watoto wa shule, askari wa mlangoni, hata muuza madafu wa pale nje, ambaye vita vya 1696 anavieleza vizuri kuliko baadhi yetu tunaotembea na vitambulisho shingoni.

Alikuwa akitembeza wageni kabla sijazaliwa. Nilipoingia kazini hakunipa mtalii. Alinipa darasa la watoto kutoka Likoni, akasema nikiwaweza hao namweza yeyote. Yeye akaketi nyuma, kwenye kivuli cha ukuta, makubadhi kayavua, anasikiliza. Kila nikimaliza jambo, swali lake lilikuwa lile lile, kwa sauti ya chini: "Umejuaje, mwanangu?"

Hakuwa akikejeli, alitaka jibu. Kama umelisoma kwenye kibao, sema ni la kwenye kibao. Kama umelisikia barazani Kibokoni, sema ni la barazani, wala si aibu. Kama wakisia, waambie watu wazi kwamba wakisia.

Wapo waliomwona mkali mno, na ukiijua kazi yetu utaelewa kwa nini. Mgeni hutoa bakshishi kwa kisa kitamu. Ukimwambia kuna njia ya siri inayopita chini kwa chini hadi ng'ambo ya pili ya kisiwa, macho yanamtoka na mkono unaingia mfukoni. Ukimwambia hujui, anakushukuru tu na kwenda zake. Mzee alikuwa na familia kama sisi sote, na karo alilipa. Lakini alishikilia kwamba ngome ile haihitaji kupambwa, na mimi naona alikuwa na haki kabisa.

Mfano ni vile alivyosimulia kuzingirwa kwa ngome mwaka 1696. Alikupeleka kwanza kwenye ukuta wa upande wa bahari, akakuwekesha kiganja juu ya jiwe la matumbawe, kisha ndipo akaanza. Waomani waliizingira ngome mwezi wa Machi mwaka ule, na haikuanguka hadi Desemba 1698. Hapo chini, majini, ndipo ilipozama Santo António de Tanna mwaka 1697, meli ya Wareno iliyokuja kuwaokoa wenzao. Vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi miaka ya sabini ya karne iliyopita vimo humo humo ndani ya jumba la makumbusho, na mzee aliwapeleka watu wakavione kwa macho yao.

Kisha akafika pale ambapo wengi wetu hupapita mbio. Maradhi yalipowamaliza Wareno, ulinzi wa ngome ulibaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, mji wa upande wa Lamu, na watu wake. Waswahili, ndani ya ngome, wakiilinda kwa ajili ya Wareno! Wageni wa ng'ambo hawashtuki. Sisi wa Pwani ndio tunaoumia, maana tungependa Wareno wawe upande huu na sisi sote upande ule. Bwana mmoja alipandisha sauti mbele yangu kwamba hilo haliwezekani. Mzee akamjibu taratibu: "Baba, Faza walikuwa na ugomvi wao na Pate, na Pate walikuwa na Waomani. Kwani wewe na jirani yako mwapiga kura pamoja?" Watu wakacheka, na yule bwana akacheka. Hakukubali, lakini alibaki hadi mwisho.

Na jela je? Waingereza waliifanya ngome kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958, na vijana siku hizi wanaitaja kwa sentensi moja kwa sababu haina mizinga. Mzee aliipa muda wake.

Sasa nasikia kuna mazungumzo ya kumtengenezea kibao cha kumbukumbu. Sipingi. Ila kama ni juu yangu, kabla ya kibao ningetaka anayeomba leseni ya kutembeza watu atembeze kwanza darasa la watoto, na nyuma aketi mtu wa kumuuliza kajuaje. Nimewaambia wenzangu. Wawili wamekubali, wengine wanasema wageni hawaji Mombasa kusoma.

Daftari zake ziko kwa bintiye, Mji wa Kale. Anayetaka kunakili aende na kalamu na karatasi zake, na aende baada ya alasiri. Kupiga picha kwa simu binti hataki, na daftari hazitoki nyumbani.