Joka la Wawel na shehena ya chuma

Mlangoni mwa kanisa kuu la Wawel, kilima cha wafalme mjini Kraków, imening'inizwa mifupa mikubwa kwa minyororo. Wenyeji walisema ni ya joka. Wataalamu wakaikagua: nyangumi, mamothi (jamaa wa tembo wa zamani mwenye manyoya) na fuvu la kifaru wa zama za barafu.

Hekaya yenyewe kila mtoto wa Poland anaijua. Krak alitawala pale, na pangoni chini ya mwamba lilikaa joka lililodai ng'ombe. Aliyeiandika kwanza ni Wincenty Kadłubek, askofu wa Kraków tangu 1208: wana wa Krak wakajaza ngozi za ng'ombe kiberiti (kile cha Sodoma, si cha jikoni), joka likameza na kufa. Yule fundi viatu mjanja anayesimuliwa siku hizi alipachikwa karne kadhaa baadaye.

Je, hekaya hii ina kumbukumbu yoyote ya kweli? Wanaoipuuza wana hoja nzito. Kadłubek alikuwa msomi wa Kilatini, na msomaji wa Biblia ya Kikatoliki atamkumbuka Danieli akililisha joka la Babeli madonge ya lami, mafuta na nywele hadi likapasuka. Askofu hakuhitaji bibi wa kijijini amhadithie. Tena, tuta la mita 16 liitwalo kaburi la Krak lilipochimbwa miaka ya 1930, mfalme hakuonekana.

Lilichotoa ni pambo dogo la mkanda, la bronzi, mtindo wa Waavari, wapanda farasi waliotamba bonde la Danube hadi karne ya 8. Hapo upande wa pili, wanaoiona hekaya kuwa kumbukumbu ya kweli, hupata nguvu: joka linalokula ng'ombe za watu si ndiyo kumbukumbu ya kodi ya wageni hao? Wazo tamu, na utamu wake ndio unaonitia shaka. Pambo moja hata mchuuzi angeweza kulidondosha.

Mimi natazama kwingine. Mwaka 1979, mtaa wa Kanonicza, chini tu ya kilima, lilifukuliwa shimo lenye vipande 4,212 vya chuma vyenye umbo la shoka, vya karne ya 9, uzito wake zaidi ya tani 3 na nusu. Havikuwa vya kukatia kuni, ilikuwa akiba. Kijiji cha wavuvi hakiweki akiba ya namna hiyo. Na maandishi ya maisha ya Mtakatifu Methodius, mmisionari wa Waslavi, ya karne hiyohiyo, yanamtaja mtawala mwenye nguvu wa kando ya mto Vistula, mto unaopita Kraków, bila jina. Mamlaka yalikuwapo, basi, na hatuhitaji joka kuyathibitisha.

Na Krak je? Kisarufi, Kraków ni jina la umilikaji, kama kusema "kwa Krak". Hoja hii siwezi kuipuuza. Yaelekea mtu wa jina hilo aliishi. Ila tunajua wenyewe mitaa mingapi inaitwa "kwa fulani", na huyo fulani alikuwa na kibanda tu pale njia panda.