Zana ya kusoma tu, maelezo nusu mstari

Wanaotengeneza zana ya kusoma mipangilio, halafu kwenye maelezo wakaandika "Hushughulikia mipangilio ya mfumo" na kwenda zao, wananichosha. Hushughulikia vipi? Wakala wa akili mnemba, yaani programu inayoziita zana hizi ili kumfanyia mtu kazi, hana jirani wa kumuuliza. Anachokijua kuhusu zana ni jina lake, hayo maelezo na vigezo vyake, basi. Mtumiaji akisema "ongeza muda wa kusubiri uwe sekunde 60", wakala anaiita zana hiyohiyo, anarudishiwa 30 ileile iliyokuwepo, na huenda akatangaza kwa kujiamini kuwa kazi imekwisha.

Ni shida gani kuandika "Husoma tu, haibadilishi kitu, ufunguo usipokuwepo hurudisha kosa"? Maana ufunguo (jina la mpangilio) usiokuwepo na ufunguo wenye thamani tupu ni mambo mawili, jamani.

Wengine hujitetea kwamba wameweka readOnlyHint, ile alama ya "zana hii husoma tu" katika MCP, itifaki ya kuunganisha programu za akili mnemba na zana. Vizuri, maana isipowekwa, zana huhesabiwa kuwa inaweza kubadilisha mambo. Lakini itifaki yenyewe inasema hilo ni dokezo, si dhamana. Na nywila za hifadhidata zinazosomeka waziwazi humo kwenye mipangilio, mbona hamkuzitaja?