Kichwa cha boriti: chokaa na saruji katika nyumba za Mji Mkongwe

Nyumba ya Mji Mkongwe, Unguja, inapotangazwa kuwa "imekarabatiwa", neno hilo hubeba mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Huenda kuta zimebanduliwa lipu iliyochoka, zikatomewa kwa vijiwe na chokaa, zikaachwa zikauke, ndipo zikapakwa. Au huenda zimepigwa lipu ya saruji ya sentimita 2, ikafuata rangi ya plastiki, kisha dari ya jipsamu ikafunika boriti. Siku ya kukabidhiana funguo nyumba zote mbili hung'aa, na ya pili mara nyingi hung'aa zaidi.

Wahifadhi, na Mamlaka ya Mji Mkongwe iliyoanzishwa mwaka 1985, wanataka ile ya kwanza. Wenye nyumba wengi wanaliona sharti hilo kama adabu ya kuwafurahisha wageni, hasa tangu mji uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000: mtalii anapata picha, mwenyeji anapata gharama. Malalamiko hayo yana uzito wake. Ila suala lenyewe la chokaa limeeleweka vibaya, na lawama ni ya wanaolitetea pia, kwa sababu hulitetea kwa lugha ya urembo na historia. Wangezungumza habari ya maji, pengine wangesikilizwa.

Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, unene wa sentimita 50 hadi 60. Chini hakuna kizuizi cha unyevu, na hakijapata kuwepo. Maji hupanda kutoka ardhini, huingia na masika, huvuja kutoka bomba la choo cha ghorofani. Waashi wa karne ya 19 hawakuhangaika kuyazuia. Waliyapa njia ya kutokea. Chokaa ina vitundu vidogo mno, na upepo na jua huuvuta unyevu kupitia humo. Maji yakishatoka huacha chumvi juu ya lipu, ile shura nyeupe ambayo watu huidhani ni ugonjwa wa ukuta. Lipu ya chokaa inayomomonyoka kidogo kidogo iko kazini. Inaliwa yenyewe ili jiwe lisiliwe.

Saruji huifunga njia hiyo bila kuzuia maji kuingia. Ukuta wa chokaa hucheza, saruji haichezi, kwa hiyo hupata nyufa nyembamba kama unywele na mvua ikapenya humo. Kutoka ndiko kunakoshindikana. Chumvi inaganda nyuma ya lipu, inatanuka, inasukuma. Baada ya masika mbili tatu ukigonga unasikia mlio wa tupu, na lipu inapoanguka huanguka bapa zima. Ligeuze bapa hilo: upande wa nyuma utakuta ngozi ya matumbawe imeng'oka nalo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, lakini zama hizo hapakuwa na mfuko wa saruji wa kuzibia.

Hadi hapo hasara ni ya lipu, na lipu hupigwa upya. Hasara kubwa iko pasipoonekana, kwenye kichwa cha boriti, yaani ncha yake inayoingia ukutani.

Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba, kiasi cha mita 3, kwa sababu urefu wa boriti ya mkoko ndio uliopanga upana wa chumba. Kila boriti hulalia ukuta huku na huku kwa shubiri moja hivi. Juu yake kuna sakafu ya mawe na chokaa, unene wa sentimita 30 au zaidi, uzito wa zaidi ya nusu tani kwa mita moja ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 6 basi kina zaidi ya tani 9 juu ya dari, na tani hizo zote zimekaa juu ya shubiri moja ya mti kila upande. Mkoko uliokauka na kupata hewa hudumu miaka 100 na ushei. Mkoko uliozama ndani ya jiwe lenye unyevu wa kudumu hupata ukungu, kisha mchwa hufuata, na huanzia pale pale kichwani. Katikati ya chumba boriti inabaki ngumu kama chuma. Mtu anainua macho, anaona mti mzima, anatosheka.

Ndiyo maana lipu ya saruji ya ghorofa ya chini ni hatari kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigwa kwa urahisi zaidi, kwa hoja kwamba chini ndiko kwenye unyevu. Maji yaliyokuwa yakitokea kimo cha goti yanakuta pamefungwa. Yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na kila lipu inapoongezwa kimo nayo yanaongeza kimo, yakielekea kule boriti zilikolala. Yakikutana na mvua inayopenya nyufa za nje, vichwa vinaloa masika hadi masika. Halafu inakuja dari ya jipsamu, inazima hewa na kuficha dalili mbili pekee ambazo zingemshtua mwenye nyumba: unga mwembamba wa mti unaodondoka kando ya ukuta, na ufa ulionyooka pale sakafu ya juu inapokutana na ukuta. Boriti ya namna hii haipindi kwanza ili ionekane. Inachomoka ukutani.

Sehemu ya Jumba la Maajabu, jengo la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili walifariki. Macho yote yalielekea kwenye majengo makubwa ya serikali. Nyumba za watu huanguka kwa kimya: sakafu moja, kona moja, baada ya mvua ya siku tatu.

Wanaotaka sakafu ya zege badala ya boriti wana hoja moja nzito ambayo wahifadhi huikwepa. Zege la sentimita 12 lina uzito wa kilo 290 hivi kwa mita ya mraba, yaani karibu nusu ya sakafu ya asili. Anayesema zege litailemea nyumba hajapiga hesabu. Aidha boriti ndefu zilizonyooka ni adimu, mikoko ina ulinzi wake, na tanuri la chokaa hula kuni nyingi pamoja na matumbawe. Hakuna usafi wa mazingira wa kujivunia hapo.

Tatizo la zege ni pale linapokalia. Ili lilale lazima ukuta uchimbwe mfereji mrefu, na ukuta wenyewe ni vijiwe vilivyoshikwa na chokaa laini. Unaukata pale pale unapotegemea ukubebe. Kisha kuna nondo. Hewa ya bahari ina chumvi, na mchanga wa pwani ukiingia kwenye mchanganyiko mambo huharakishwa. Nondo ikishika kutu hutanuka na kulipasua zege kutoka ndani. Boriti ikioza hubadilishwa moja, wenzake wakaendelea na kazi. Zege likioza limeoza la chumba kizima.

Hoja inayonifanya nisite ni ya muda. Lipu ya chokaa hupigwa mikono mitatu, yaani tabaka tatu, kila mkono sentimita 1 hivi, ukuta umeloweshwa kwanza, kazi imefunikwa magunia mabichi isikaushwe na jua, na wiki nzima au zaidi ipite kati ya mkono na mkono. Chokaa yenyewe ilowekwe shimoni wiki kadhaa kabla. Ya mfuko uliokaa wazi dukani imeshaanza kufa kwa hewa, haishiki. Fundi wa saruji yupo kila pembe na Ijumaa amemaliza. Sasa mfikirie mrithi mmoja kati ya wanane, nyumba ina mpangaji kila chumba, na kodi ya miezi mitatu ndiyo inayogawanywa kwa ndugu wote. Mwenye hoteli atafunga msimu wa mvua na kufungua Juni. Mrithi huyu hawezi. Sharti ni moja, lakini linawaangukia tofauti, na anayebadilisha boriti mbili hastahili safari ndefu ya michoro na vibali kama ya anayegeuza jumba kuwa vyumba 20 vya wageni. Chokaa iliyokwishalowekwa, ikauzwa kwa debe kwa bei ya kusaidia, ingeokoa kuta nyingi kuliko barua ya onyo.

Na kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko ukubwa wa mfuko. Kwanza paa na gata, pili mabomba, tatu vichwa vya boriti, kisha ukuta uachwe ukauke, lipu iwe ya mwisho. Wengi huanza na lipu kwa kuwa ndiyo inayoonekana na barabara.

Anayenunua nyumba "iliyokarabatiwa" aende na bisibisi nyembamba. Aombe kipande cha jipsamu kifunguliwe kwenye ukuta wa nje, upande wa choo, achome boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama sentimita 2 bila nguvu, kichwa kimekwisha: sakafu itegemezwe kwa miti kwanza, mawe yaliyokizunguka yatolewe, boriti mpya iingizwe juu ya jiwe bapa, iachiwe nafasi ya kidole kila upande na kufungwa kwa chokaa. Muuzaji akikataa dari isifunguliwe, boriti zote za upande ule zihesabiwe zimeoza, na bei ianze kuzungumzwa hapo.