Jedwali la Elementi Hubashiri, Lakini Si Kila Mahali

Mwaka 1882 Jumuiya ya Kifalme ya London iliwatunuku nishani ya Davy wanakemia wawili kwa pamoja: Dmitri Mendeleev wa Urusi na Lothar Meyer wa Ujerumani. Tuzo ilitaja uhusiano wa kujirudiarudia walioubaini katika uzani wa atomi. Ubashiri wa Mendeleev kuhusu elementi zilizokuwa bado hazijagunduliwa, unaosimuliwa mpaka leo, haukutajwa hata kwa neno moja. Ndipo wengine huuliza: jedwali lake la elementi lilipata heshima kwa kupanga yaliyokwisha kujulikana, au kwa kutaja yasiyoonekana bado?

Wanaotetea ubashiri wana hoja nzito. Mwaka 1869 Mendeleev alizipanga elementi 63 kwa uzani wa atomi, zenye tabia za kufanana akaziweka kundi moja, na palipokosekana ya kufaa akaacha nafasi tupu. Miaka miwili baadaye akaeleza kwa kina tatu kati ya hizo zilizokosekana. Ile ya chini ya silikoni, alisema, ingekuwa na uzani wa atomi wa 72 hivi na densiti (uzito kwa ujazo) ya 5.5, na kloridi yake ingechemka chini kidogo ya nyuzi 100. Clemens Winkler aliigundua mwaka 1886 akaiita jemaniamu. Vipimo vya leo: 72.6, 5.3 na nyuzi 86.

Kisa cha galiamu kinanivutia zaidi. Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aliigundua mwaka 1875 na kupata densiti ya 4.7. Mendeleev, ambaye hajawahi kuiona, akasema sampuli haikuwa safi. Densiti sharti iwe karibu 5.9. Ikasafishwa, ikapimwa tena, ikawa 5.9. (Metali yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 29.8, kwa hiyo mchana wa Februari jijini Dar es Salaam ingekuwa kimiminika bila kuwashwa moto.)

Kinachosahaulika ni orodha ya pili. Mendeleev alibashiri pia koroniamu, gesi nyepesi kuliko hidrojeni, na elementi nyingine nyepesi zaidi ambayo ingekuwa ndiyo etha, kitu kilichodhaniwa wakati ule kujaza anga lote. Hazipo. Agoni ilipotangazwa katika miaka ya 1890, alidhani huenda ni nitrojeni yenye atomi tatu. Safu nzima ya gesi adimu, yaani agoni na wenzake ambao karibu hawaungani na elementi nyingine, ilimpita bila yeye kuishuku.

Tofauti kati ya orodha hizi mbili si bahati. Silikoni ina uzani wa 28, na bati kwa vipimo vya wakati ule 118. Jumlisha, gawanya kwa mbili, unapata 73. Jemaniamu ilikuwa na majirani waliokwisha kupimwa, juu na chini. Koroniamu ilikuwa ukingoni, na gesi adimu hazikuwa na hata jirani mmoja wa safu yao wa kuzitolea habari. Kwa maoni yangu hilo halimpunguzii Mendeleev chochote, ila linaonyesha mpaka wa kazi yake.

Tena hakujua kwa nini jedwali linafanya kazi. Aliitanguliza teluriamu mbele ya iodini kwa sababu iodini inafanana na klorini na bromini, ingawa uzani ulidai kinyume. Mpangilio ulikuwa sahihi, maelezo yake hayakuwa: alishikilia kwamba teluriamu imepimwa vibaya, kumbe kweli ni nzito zaidi, 127.6 kwa 126.9. Jibu lilikuja mwaka 1913, Henry Moseley alipotumia eksirei kuonyesha kwamba kinachopanga elementi ni namba ya atomi, yaani idadi ya protoni. Teluriamu ni 52, iodini 53, kesi imekwisha. Pengo la namba 43 nalo likawa dhahiri, na likajazwa mwaka 1937.

Nadharia ya elektroni ilipofika, safu zikapata sababu: sodiamu na potasiamu zote zina elektroni moja ya nje, kwa hiyo zote huchachamaa zikiguswa na maji. Hata hivyo kushuka chini ya safu si kushuka ngazi zilizo sawa. Ukiifuata zinki na kadimiamu hutategemea kukuta zebaki ni kimiminika, wala fedha haikuandai kwa umanjano wa dhahabu. Katika atomi nzito hivyo elektroni za ndani hukimbia kwa kasi inayodai fizikia ya Einstein, na hapo jedwali peke yake halitoshi.

Namba 118, oganesoni, imekaa chini ya gesi adimu. Zimetengenezwa atomi chache tu, nazo hudumu kwa muda usiofika hata milisekunde moja. Makadirio ya kinadharia yanasema kwamba ingepatikana ya kutosha, katika joto la kawaida pengine isingekuwa gesi bali yabisi.