Wasioamkiana, wanaomwamkia ndege

Mwaka wangu wa kwanza Uingereza nilijifunza kunyamaza. Kwenye basi hakuna anayemwamkia mwenziwe, na jirani ukimsalimu anajibu huku anapapasa funguo mfukoni. Basi siku moja niko garini na mwenzangu wa kazini, mhasibu, mtu wa tarakimu tupu. Ghafla akainua mkono kwenye paji la uso kama askari, akamwambia ndege aliyetua kando ya barabara: habari za asubuhi, bwana, mkeo hajambo?

Ndege mwenyewe ni magpai, jamaa wa kunguru, mweusi kwa mweupe, mwenye mkia mrefu. Wana kibwagizo chao: ukimwona mmoja ni huzuni, wawili furaha, watatu msichana, wanne mvulana, mpaka wa saba ambaye ni siri isiyosemwa. Ukikutana na mmoja peke yake, unamuulizia mke. Yaani unamwoza hapo hapo, wawe wawili, nuksi ipite mbali.

Watu husema imani kama hizi ni hofu tu. Mimi naona adabu ndani yake, na ushahidi wangu ni nyuki. Desturi ya zamani mashambani ni kwamba mwenye nyumba akifa, mtu aende kwenye mizinga, agonge kila mmoja taratibu, mara nyingi kwa ufunguo wa nyumba, awape taarifa. Mizinga hufungwa kitambaa cheusi. Wasipoambiwa, nyuki watahama, au watakufa, au wataacha kutengeneza asali. Hata harusi huarifiwa, na kipande cha keki huachwa pale. Nyuki ni wafiwa, ni wakwe, ni watu wa nyumbani. Malkia Elizabeth wa Pili alipofariki Septemba 2022, mtunza nyuki wa kifalme alizunguka mizinga ya Buckingham Palace na Clarence House, akafunga utepe mweusi na kuwaambia kwa sauti ya chini kwamba bibi yao hayupo tena, lakini bwana mpya atawatunza vyema.

Kunguru wakubwa wanaofugwa kwenye Mnara wa London, ngome ya kale ya wafalme, sina hamu nao sana. Eti wakiondoka ufalme utaanguka, kwa hiyo wasipungue sita. Na manyoya ya mbawa hupunguzwa kidogo, hadithi isije ikaruka. Ushahidi wa imani hiyo hauonekani kabla ya karne ya 19. Ni mapambo ya watalii.

Kinachonikera ni kwamba watu hawa hawa walipotutawala walituandikia sheria za uchawi, Kenya mwaka 1925, Tanganyika 1928. Sisemi uchawi haukuua watu kwetu. Umeua, na bado unaua. Lakini kila tulichoamini kilitiwa gunia moja likaitwa ushirikina, cha kwao kikaitwa mila. Bibi yangu alikataza kufagia usiku, tukaambiwa ni ujinga. Bibi wa Kiingereza alikataza kuweka viatu vipya mezani, na mpaka leo ukifanya hivyo mtu ataruka kuviondoa.

Nilimuuliza mhasibu kama kweli anaamini. Akacheka: hata kidogo. Tulipokuwa tunarudi jioni alikuwepo mwingine, juu ya uzio, peke yake. Gari likapunguza mwendo. Mwenzangu alikuwa anahangaika na gia, mikono haina nafasi, akanitazama.

Nikamwamkia mimi.